Ramani ya mvinyo si glasi ya mvinyo

Wazazi watatu wameniuliza swali moja mwaka huu, wawili wa Mombasa na mmoja wa Malindi. Wote wana watoto Nairobi, wamepanga vyumba mitaa ya Eastlands, huko Umoja, Kayole na Donholm, na wasomea mambo ya hoteli katika vyuo vya mjini. Swali lenyewe ni hili: mtoto wa Kiislamu akifika kwenye somo la mvinyo afanye nini? Asome, aliruke, au afunge virago arudi nyumbani?

Jibu langu nalitoa mapema. Asome, tena asome mpaka awashinde wenziwe. Lakini asionje, na chuo kisimlazimishe kuonja, wala kisimnyime cheti kwa kukataa. Kusoma na kuonja ni mambo mawili. Vyuo vimeyachanganya, na baadhi ya wazazi nao wameyachanganya, na mchanganyiko huo watugharimu vyeti na kazi.

Kwanza tulijue somo lenyewe. Wengi hudhani ni kufungua chupa na kumimina. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni jiografia: nchi gani, bonde gani, udongo gani, mvua kiasi gani, na kwa nini zabibu za mteremko huu ziuzwe ghali kuliko za mteremko unaoangaliana nao. Anayesomea huduma ya vyakula na vinywaji hana budi kulipita somo hili, kwa sababu mgeni wa hoteli kubwa atamuuliza, na msimamizi wa stoo atampa orodha yenye majina ya miji ya Ufaransa, Italia na Afrika Kusini aipange.

Mpwa wangu ni mmoja wa wanafunzi hao. Amepanga chumba Umoja na wenziwe wawili, na chuo chake ni cha binafsi, jina naliacha. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku. "Mjomba," akasema, "ramani yote naijua, nimemchorea mwalimu Ufaransa nzima ubaoni. Lakini asema nisipoonja hawezi kuniandikia kuwa nimefuzu." Mwenzake wa Kisabato alikataa pia, naye akaandikwa vivyo hivyo. Siku hizi mafunzo ya vyuo vya ufundi yanakwenda kwa mfumo wa umilisi: mwanafunzi hapimwi kwa karatasi peke yake, hupimwa kwa kutenda, na mwisho huambiwa amefuzu au bado. Ni mfumo mzuri kwa fundi bomba na fundi umeme. Lakini pale ambapo kutenda kwenyewe ni haramu kwa mwanafunzi, neno "bado" lageuka kuwa adhabu ya dini yake.

Sasa turudi kwetu. Je, kuujua mvinyo ni sawa na kuunywa? Lugha yetu yenyewe imejibu zamani. Neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, wale waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Divai imetoka kwa Wafaransa. Tembo la mnazi ni letu hasa, na hakuna Mswahili, awe imamu au mvuvi, asiyejua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo huitumia hata maalimu wa madrasa, na hakuna aliyemwambia amekunywa. Wazee wetu walijua tembo tamu ni lipi na lililochacha ni lipi, walijua likikaa zaidi lageuka siki, na siki hiyo ikatiwa kachumbarini kwa halali. Hukumu hizo hazingewezekana lau hawangekuwa na elimu ya kitu chenyewe. Asiyejua tembo huchacha lini hawezi kujua lini ni haramu.

Hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik yataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Mnywaji si peke yake. Wamo anayeibeba, anayeimimina, anayeiuza na anayekula thamani yake. Hamo anayejua zabibu zake zilikua mlima gani. Mimi si sheikh, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini orodha hiyo yatuonyesha mpaka ulipo: mpaka uko kwenye kitendo cha kunywa, kunywesha na kuuza. Elimu ya mahali haimo.

Na elimu hiyo ya mahali ina mengi yatuhusuyo kuliko tunavyodhani. Mizabibu ya mvinyo hustawi zaidi kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini na kusini mwa Ikweta, palipo na baridi ya kuulaza mti na kiangazi cha kuivisha tunda. Upande wa kusini, mojawapo ya maeneo makongwe ni Rasi ya Tumaini Jema. Waholanzi walikamua zabibu zao za kwanza huko mwaka 1659. Mikono ya nani ililima mashamba yale? Ya watumwa walioletwa kutoka India, Indonesia, Madagaska na Msumbiji, yaani wengine walitoka kwenye bahari yetu hii hii. Mwaka 1694 akafikishwa huko Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni aliyehamishwa na Waholanzi, akawekwa kwenye shamba nje ya mji ili asichanganyike na watu. Watu wakamfuata huko huko, na leo Waislamu wa Cape Town humtaja kuwa miongoni mwa walioutia mizizi Uislamu nchini humo. Mtoto wetu akisoma ramani ya mvinyo wa Afrika Kusini bila kusoma habari hiyo, amesoma nusu. Naye Mwislamu anayeikimbia ramani hiyo aikimbia pia historia ya ndugu zake.

Algeria nayo ni nchi ya Waislamu. Katika miaka ya 1950, chini ya Wafaransa, ilikuwa ikiongoza dunia kwa kuuza mvinyo nje. Walowezi ndio waliokuwa na mashamba, wenyeji wakawa vibarua. Mvinyo ule ulivushwa bahari kwenda kuchanganywa na wa Ufaransa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 soko likayumba, na baadaye mizabibu mingi ikang'olewa pakapandwa vitu vingine. Hapo pana somo zima la uchumi wa ukoloni: ardhi ya watu ililimishwa kitu ambacho wenyewe hawakili wala hawanywi, kwa ajili ya meza ya mtu mwengine.

Karibu na nyumbani kuna Dodoma. Wamishonari Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana, na leo mkoa huo ndio jina kubwa la zabibu Tanzania. Huku kwetu kuna mashamba Naivasha na Yatta. Karibu na Ikweta mzabibu haupati baridi ya kuulaza, basi mkulima huulaza kwa mkasi: huukata matawi ili uanze upya. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka ilhali Ufaransa huvuna mara moja. Mwanafunzi anayeelewa hilo ameelewa tabianchi, kimo cha ardhi na kazi ya mkulima. Hakuna hata tone lililohitajika.

Lakini funzo kubwa kuliko yote kwenye ramani hiyo ni jina. Champagne ni jina la mkoa wa Ufaransa. Mvinyo wa povu uliotengenezwa kwengine, hata uwe mzuri namna gani, hauruhusiwi kuuzwa Ulaya kwa jina hilo. Tangu 1935 Ufaransa ina chombo maalumu cha kusimamia majina ya namna hii: mipaka ya shamba, aina ya zabibu, namna ya kutengeneza. Wenyeji wa mahali wamelifanya jina la mahali pao kuwa mali, na sheria yalilinda kama hati ya shamba.

Sasa sisi je? Kikoi ni cha nani? Kati ya 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina hilo kule liwe lake peke yake. Kelele zikapigwa na Wakenya na watetezi wa biashara ya haki, na ombi likaanguka. Tuliokolewa na kelele; sheria ya kulinda majina ya mahali hatuna mpaka leo, ingawa rasimu zimeandikwa. Embe zetu za ngowe, korosho za Kilifi, halwa ya Mombasa na jahazi za Lamu ni majina yanayobeba mahali ndani yake. Nani atakayekaa na mawakili na mabwana shamba kutuandikia mipaka na masharti yake? Hapana shaka ni mtu aliyesoma vipi Wafaransa walifanya, na walifanya kwa mvinyo. Kwa hiyo mtoto anayelikimbia somo hili kwa jina la dini huenda akawa ndiye tuliyemhitaji.

Tukija Eastlands yenyewe, ramani ya kileo ipo mlangoni. Kijana anayetoka Lamu akapanga chumba Umoja au Kayole hukuta chini ya ploti yao duka lililoandikwa "wines and spirits". Mvinyo humo ni chupa mbili tatu zenye vumbi rafu ya juu. Kinachouzwa ni vichupa vidogo vya pombe kali, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aimudu. Mvinyo wenyewe, ule wa ramani, wanywewa ng'ambo ya pili ya mji, Westlands na Karen. Hilo nalo ni jiografia: neno liko Eastlands, kitu kiko kwengine, na walala hoi wauziwa jina pamoja na moto wa koo.

Na historia yake ni ndefu. Watu wa Pwani si wageni katika mitaa hii. Vijiji vya kwanza vya Waafrika Nairobi, kama Pangani na kile kilichoitwa Mombasa, vilikuwa na Waislamu na Kiswahili chao. Vilipovunjwa, watu walisukumwa Pumwani, na wale wa Pangani wakapelekwa Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Hapo hapo Pumwani, kwenye mtaa uliojaa Waislamu, serikali ya mji katika miaka ya 1920 ilianzisha klabu yake ya pombe. Ikawakataza watu kupika na kuuza yao, ikauza yake, na faida ikatiwa kwenye mfuko uliosemwa ni wa huduma za Waafrika. Yaani huduma za mtaa wa Waislamu zililipiwa kwa pombe, na mzee wa mtaa hakuulizwa.

Miaka imepita lakini hesabu haijabadilika sana. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao wakiwa wa mitaa ya Mukuru, kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine wakapofuka. Mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti vileo, chang'aa ikahalalishwa kwa masharti, na baa zikakatazwa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Anayepita Kayole kwa miguu ahesabu mwenyewe hatua kati ya lango la shule na mlango wa baa. Mtoto wetu aliyesoma jiografia ya kileo vizuri ndiye atakayeweza kuichora ramani hiyo, akaipeleka kwa bodi ya leseni ya kaunti, na kusema: hapa, hapa na hapa mmevunja sheria. Asiyejua lolote juu ya kileo atalalamika tu baada ya sala ya Ijumaa, kisha aende zake.

Basi vyuo vifanye nini? Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 32 chasema mtu asinyimwe nafasi kwenye taasisi au kazi kwa sababu ya imani yake, na kwamba asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na dini yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki Wasabato katika kesi ya wanafunzi waliolazimishwa masomo siku ya Jumamosi, ikasema shule zitafute njia ya kuwapa nafasi. Ni kweli kesi ya hijabu ilituendea vingine Mahakama ya Upeo Januari 2019, uamuzi uliokuwa umewapendelea wasichana wetu ukatenguliwa, zaidi kwa sababu ya namna kesi ilivyoletwa. Lakini suala la kuonja ni jepesi kuliko hijabu. Hakuna sare inayoharibika wala ratiba inayovurugika. Ni glasi moja tu isiyoinuliwa.

Wenye vyuo huja na hoja kwamba mtu hawezi kuuza asichokionja. Hoja hii ina uzito na yastahili jibu. Jibu liko London. Huko kuna taasisi iitwayo Wine & Spirit Education Trust, iliyoanzishwa 1969, na mitihani yake ya mvinyo hutambuliwa dunia nzima. Mtihani wake wa ngazi ya kwanza na wa ngazi ya pili ni wa maswali ya kuchagua, kwenye karatasi. Mtihani wa kuonja waanza ngazi ya tatu, kwa mtu anayetaka kubobea. Kama wakubwa wa fani hiyo huko Uingereza humpa mtu cheti cha ngazi ya pili bila kumpima ulimi, chuo cha Nairobi kinachofundisha wahudumu na wasimamizi wa hoteli kinadai ulimi wa mtoto wetu kwa mamlaka gani?

Kuna jengine. Mwaka 2025 serikali ilitoa sera ya kitaifa ya kupambana na ulevi, na ndani yake limo pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Wanafunzi wengi wa diploma wana miaka 18, 19, 20. Pendekezo hilo likiwa sheria, mwalimu anayempa mwanafunzi glasi aonje atakuwa kwenye matata, awe mwanafunzi huyo ni Mwislamu, Msabato au hana dini. Basi vyuo vitalazimika kutafuta njia nyengine ya kupima. Ni heri waitafute sasa, kwa hiari, wakianzia kwa wale ambao dini yao imekwisha kusema.

Njia hiyo si ngumu. Mwanafunzi apimwe kwa ramani, kwa kusoma lebo, kwa kujua kipi huwekwa baridi na kipi hakiwekwi, kwa kupanga stoo, na kwa kueleza chakula gani huenda na kipi kwa mujibu wa vitabu. Kumimina kuna maji ya rangi na juisi ya zabibu. Mkono hujifunza vile vile. Na chuo kiandike jambo hili kwenye kanuni zake kabla mwanafunzi hajalipa karo, lisiachwe kwa huruma ya mwalimu mmoja.

Kwa upande wetu nasi kuna la kukubali. Kusoma kumeruhusika, lakini kazi ya kumimina na kuuza iko ndani ya ile hadithi ya watu kumi, na sitaipaka sukari. Mtoto achague mlango wake mapema: jikoni, vyumba, mapokezi, hesabu, uongozaji watalii, au nyumba za wageni zisizouza pombe, ambazo Lamu na Unguja ziko nyingi na wageni huzijaza. Meneja wa nyumba kama hizo bado ataulizwa na mgeni kwa nini hakuna mvinyo, na ajuaye atamjibu kwa adabu na elimu, ampe juisi ya ukwaju na maelezo yake.

Wazazi nao wasiwaondoe watoto chuoni. Hoteli ziko kwetu, Diani, Nyali, Watamu, na kila mwaka twalalamika kwamba nafasi za juu zashikwa na watu wa bara. Zashikwa na wenye vyeti. Chuo kikubwa cha utalii kilichopewa jina la Ronald Ngala huko Vipingo kilianza kujengwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na wakati ahadi zikirudiwa, watoto wetu wameendelea kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Wawakilishi wetu waulizwe kuhusu chuo hicho, na waulizwe pia kama mtaala wake utamheshimu mtoto wa Kilifi asiyeonja.

Mpwa wangu nimemshauri aandike barua kwa mkuu wa idara, ataje Kifungu cha 32, aombe kupimwa kwa njia nyengine, na atie sahihi pamoja na mwenzake wa Kisabato. Barua ya wanafunzi wawili wa dini mbili ni vigumu kuitupa. Wazazi walioniuliza nao wafanye hivyo hivyo, na nakala waipeleke kwa Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, lililo hapo hapo Nairobi. Na barua hizo ziende mapema, kabla ya siku ya mtihani.